Usiitike, Meri

Harufu ya kiko haikutoka. Batul alisugua baraza mara tatu kwa majivu na sabuni, na kila alipokaa kupumzika, tumbaku ya Inspekta ilimjia puani kama mvutaji amepita sasa hivi.

Inspekta mwenyewe, Mwingereza, aliondoka Jazira bendera yao iliposhushwa. Nyumba yake na mashamba ya pamba aliyosimamia akakabidhiwa Babikir, mwana wa Batul. Batul aliijua kila kona. Miaka ishirini alifua na kupiga pasi humo. Mwingereza hakutaka kuhangaika na jina lake, akamwita Meri. Hilo Batul hakumwambia mtu, hata mwanawe.

Siku ya tisa tangu wahamie, asubuhi, Babikir alikaa kwenye kiti cha Inspekta, akanyoosha miguu, akaita kwa sauti isiyo yake: "Meri."

"Labeka," akajibu Batul kabla hajafikiri.

Kufika jioni Babikir alikuwa amemvunja mkewe Hajir vidole viwili, kwa sababu ya chai iliyopoa. Hajir alikuwa na mimba ya miezi saba.

Shekha Nuwara, mganga wa zari, ngoma ya kupunga majini, alikuja kesho yake.

"Jini la Kizungu," alinong'ona. "Hukaa penye kuitikiwa. Mkikimbia atawafuata. Ataita mpaka adhana ya adhuhuri iishe. Usiitike."

"Nikiitika?"

"Umempa nyumba na waliomo."

"Shekha, labeka hunitoka kama chafya."

"Basi jizibe mdomo."

Walimfunga Babikir kitini kwa kamba ya marobota ya pamba. Batul akajijaza kitambaa kinywani. Kiboko cha Inspekta kilining'inia msumarini.

"Meri."

Kiboko hakikutikisika, lakini mgongo wa Hajir ulipasuka kutoka bega hadi kiuno.

"Nyamaza, mama," Hajir alisema, amelikumbatia tumbo. "Nyamaza hivyohivyo."

"Una kiburi siku hizi, Meri."

Akaita tena, na kila alipoita nyama ya Hajir ilifunguka mahali pengine, damu ikatambaa sakafuni ikafika miguuni pa Batul ikiwa bado ya moto, na harufu ya kiko ikajaa chumba hata macho yakawawasha, na lile neno likampanda Batul kooni kama kitu chenye kucha, akauma kitambaa mpaka jino likakatika, akalimeza.

Adhana ikaanza. Kichwa cha Babikir kikaanguka kifuani.

Hajir alikuwa akivuja vibaya. Batul alichomoa kitambaa kinywani, akaukandamiza mgongo wa mkwewe.

"Mama," Babikir aliita, sauti yake mwenyewe, kama alipokuwa mdogo na homa. "Kamba zinaniumiza."

"Labeka, mwanangu."

Shekha Nuwara alijishika kichwa. Muadhini alikuwa hajamaliza.

Kamba zilianguka zenyewe. Msumari ulikuwa mtupu. Babikir alinyoosha miguu, kiboko kimelala mapajani.

"Vizuri, Meri," alisema. "Leta chai. Na huyo mwenye tumbo msimamishe."