Vitenge vya Kuwazuia Askari wa Mawlamyine

"Eindra, usiongee. Nisikilize tu."

Eindra aliacha upawa ndani ya sufuria. Namba hakuijua, lakini sauti aliijua. Aliingoja tangu mvua za mwanzo, tangu mchumba wake, Ko Thurein, alipokamatwa kwenye foleni ya mafuta ya kupikia, akavalishwa magwanda kwa nguvu.

"Ko Thurein! Umekula?"

"Simu ya kuazima hii. Kesho asubuhi gari letu linapita uchochoro wenu kufuata mchele ghalani. Simama dirishani nikuone."

"Unione tu? Halafu?"

"Halafu tunapelekwa milimani kupigana. Waliotutangulia hawajarudi. Nataka niende na sura yako, Eindra."

"Sitaki uende na sura yangu. Nataka urudi na yako!"

Simu ikakatika.

Mama yake, Daw Htay, alikuwa anapepeta chenga za mchele, zile walizokuwa wakiwapa kuku zamani, kabla pesa haijageuka makaratasi yasiyonunua kitu.

"Nani huyo anakuliza juu ya mchuzi wangu?"

"Ko Thurein. Anapita kesho. Mama, nitaanika vitenge vyangu juu ya uchochoro, ukuta hadi ukuta. Apite yeye, wenzake wasiweze kumfuata."

Ungo ukasimama. Huko kwao Mawlamyine kitenge anachojifunga mwanamke huanikwa chini, nyuma ya nyumba. Mwanamume akipita chini yake nyota yake huzimika, na kwa askari huo ni mkosi wa kupigwa risasi. Majenerali walipoinyakua nchi, wanawake waliwasimamisha askari mitaani kwa vitenge hivyohivyo.

"Watakuua. Binti wa mwalimu Nyunt walimuua kwa kugonga sufuria tu kuwapinga."

"Najua, mama."

"Na huyo Thurein wako? Hata chini ya kamba ya nguo za dada yake hapiti! Wenzake wakisimama, naye atasimama."

Hapo ndipo moyo wa Eindra ulipokuwa unamuuma.

Daw Htay alijikung'uta chenga, akafungua sanduku.

"Vyako vyepesi, vitapeperuka. Chukua na vyangu. Hiki nilijifunga nilipokuzaa. Kama kuna kitenge cha kumtisha jenerali, ni hiki."

Asubuhi gari likaingia, likafunga breki. Vitenge vilikuwa vinachuruzika maji, vimeshuka hadi usawa wa vifua. Sajenti akateremka.

"Nani kaanika uchafu huu?"

"Maji yametoka leo, afande," akasema Daw Htay kutoka kizingitini. "Tusifue?"

"Toeni hivi vitu!"

Vijana wakaruka chini, wakatazamana.

"Kwa mkono, afande?"

"Tafuteni fimbo, wajinga nyie!"

Eindra alikuwa upande wa pili wa vitenge, mlangoni pa jikoni. Alimwona Thurein kwenye upenyo kati ya nguo mbili. Amekonda, masikio yamemtoka, shingo inaelea kwenye kola. Akatamani kumwita, akajiziba mdomo kwa kiganja. Akiita, amemuua.

Thurein alimwona. Akavitazama vitenge. Midomo yake ikacheza kama anayesali.

Akainama, akapita.

"We! Rudi!"

Sajenti alifyatua risasi, ikatoboa nguo iliyolowa. Hakuona wa kumlenga, na hakuna aliyekubali kumfuata. Thurein alikwishaingia jikoni, maji yanamtiririka usoni.

"Nyota yangu imekwisha, Eindra," alisema akihema. "Utanitaka hivi hivi?"

"Kimbia kwanza, mjinga wangu!"

Daw Htay aliingia mbio, akawasukuma kwenye mlango wa nyuma.

"Wote wawili. Nendeni!"

"Mama, na wewe?"

"Mimi miguu sina. Ulimi ninao. Nenda!"

Walipitia mashamba ya mpira, wakalala kwa watu wasiowajua, wakavuka mto wa mpakani shingo ndani ya maji. Ng'ambo walipata kazi ya kushona na chumba cha mabati. Kila jioni Eindra alipiga simu nyumbani, kila jioni haikupatikana. Thurein alilala mlangoni, Eindra ndani. Bila neno la baraka la mama, hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Hadi ujumbe ulipoingia: "Nyumba wameipiga kufuli. Mimi nipo kwa watawa, nafagia. Piga."

Alipiga papo hapo.

"Mama! Walikupiga?"

"Walichoka. Nililia kwa sauti hadi sajenti akaziba masikio. Mmekula?"

"Ndio tunapakua."

"Sahani ngapi?"

Eindra alimtazama Thurein. Huko kwao mke na mume hujulikana kwa kula sahani moja mbele ya watu.

"Mbili, mama."

"Rudisha moja. Nasikiliza."

Thurein alimimina wali wake juu ya wali wa Eindra. Wakala polepole, simu katikati yao, na ng'ambo ya mto mama akisikiliza vijiko, mpaka salio likaisha.