Beseni Jeupe Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya shule nilivaa mabuti ya mpira, nikakanyaga ndani ya beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni pa banda, ndipo nikaingia kuwalisha nguruwe wetu. Dawa ile ikichanganywa na maji hugeuka nyeupe. Kuibadilisha kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu, na nilijiona mtu mzima kwelikweli.

Jumamosi moja chupa iliniponyoka, dawa yote ikamwagika. Niliogopa kugombezwa. Nikachukua kikombe cha maziwa, nikakimimina ndani ya beseni la maji. Rangi ikawa ileile! Mama alipopita alinisifu, nami nikachekelea kama mjinga.

Jioni nilipeleka pumba kwa shangazi, jirani yetu. Watoto wa nguruwe wake walikuwa wanaharisha, nami kwa kiherehere changu nikaingia bandani kuwatazama. Niliporudi nilikanyaga maziwa yangu, nikaingia kwetu na mabuti yaleyale.

Siku ya tatu baadhi ya watoto tisa wa nguruwe wetu wakaanza kuharisha. Mdogo kuliko wote, Kifungo, nilikuwa nimeahidiwa awe wangu. Daktari wa mifugo alikuja, akachukua kinyesi ndani ya kichupa, akauliza, "Kuna mtu aliyetoka banda lingine?"

"Hakuna," mama akajibu. "Na beseni halikosi dawa. Binti yangu ni mwangalifu."

Nilikazia macho vidole vyangu vya miguu.

"Basi labda ni ule ugonjwa wenu wa siku zote," daktari akasema. "Waacheni wanyonye pamoja. Maziwa ya mama yao yana kinga."

Hayakuwa na kinga ya kutosha. Wanne walikufa, wa nne akiwa Kifungo, mapajani mwangu. Hapo ndipo nilipomwambia mama kila kitu. Daktari aliitwa upesi, akawatenga waliokuwa na nafuu, tukasugua banda zima. Watano wakapona.

Baadaye daktari alirudi na majibu ya maabara. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza taratibu.

"Ni virusi vya jamii ya korona, ila hivi ni vya utumbo wa nguruwe. Huku kwenu kulikuwa na aina moja dhaifu. Kwa shangazi yako kuna nyingine. Zikikutana ndani ya seli moja, zinaweza kubadilishana vipande zinapojinakili. Ni kama mtu anayenakili insha za wenzake wawili, nusu ya huyu na nusu ya yule. Inatoka insha ya tatu. Kinga ya mama yao haikuizoea hii mpya."

"Mimi ndiye niliyezikutanisha?"

"Inaelekea hivyo, mwanangu. Lakini kumwaga dawa ni ajali, hata mimi humwaga. Kosa ni kuficha. Ungesema siku ile nilipouliza, ningewatenga wazima papo hapo. Huenda huyo wako angekuwa hai."

Nililia tu.

Jumamosi iliyofuata mama alinipa chupa mpya. "Kazi bado ni yako," akasema. "Ikimwagika, niambie. Nitafoka, halafu tutanunua nyingine."

Nikachanganya, maji yakawa meupe. Mama alivaa mabuti yake, akasimama mbele ya beseni. Kisha akainama, akalinusa. Zamani hakuwahi kulinusa.