Jina Lililonyamazisha Kompyuta

Kilichomshtua Nabwile kwanza ni kwamba onyo lile lilikuwa limeandikwa vizuri. Tangu amalize chuo pale Kibabii na kufungua saiba yake, duka la intaneti, mtaani Matisi, mjini Kitale, alikuwa ameona maonyo ya uongo ya kila aina yakiruka kwenye kivinjari: kompyuta yako ina virusi, picha zako zitafutwa, piga namba hii upesi. Mengi huja kwa Kiingereza kibovu, tena huletwa na wateja wanaotafuta kutazama mpira bure na kubofya "Ruhusu" kila wanapoulizwa. Lakini dirisha hili jekundu lilijitokeza alasiri ya mvua wakati hakukuwa na mteja hata mmoja, likiwa kwa Kiswahili safi, na kila nukta mahali pake.

"Usizime kompyuta hii. Kuna mtu ndani."

Halikutoa namba ya simu. Halikutaka chochote.

Nabwile alifanya alivyozoea kufanya. Hakubofya popote ndani ya dirisha lile, hata kile kialama cha kulifunga, maana mara nyingi nacho ni mtego. Alikifunga kivinjari chote kwa nguvu, akakifungua upya, akaingia kwenye mipangilio na kuiondoa ruhusa ya kila tovuti iliyokuwa nayo. Dirisha likarudi. Safari hii lilianza kulia.

Kwanza ulikuwa mlio wa kawaida wa maonyo kama hayo, mlio mkali wa kumtia mtu wasiwasi ili akosee. Kisha ukalainika. Ukapata koo, ukapata pumzi, ukawa kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa.

Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, nyanya yake mzaa baba, Kukhu Agneta, alikuwa amembeba mtoto wa Phelista, dada mkubwa wa Nabwile, ambaye alikuwa ameenda sokoni. Mtoto huyo wa kiume alikuwa hajapata jina. Kwao Bukusu jina halichaguliwi kitandani hospitalini. Mtoto akilia bila kutulizika, nyanya humtajia majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyekuja kulidai. Kukhu alikuwa ameingoja saa hiyo kwa hamu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na masikio yake yalisikia kelele bila kujua inatoka upande gani.

"Nyamaza, baba, nyamaza," Kukhu alisema, akimtikisa mtoto taratibu. "Ni nani anakusumbua? Ni Wanjala?"

Kilio kikaendelea.

"Ni Matthew? Aa, huyo naye alipenda kelele. Si yeye?"

Kilio kikapanda. Nabwile alikuwa ameinama juu ya laptop, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuzima, na maneno ya Kukhu aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Basi ni Wakoli?"

Kilio kikakatika.

"Amekubali!" Kukhu akapiga kigelegele. "Nabwile, umesikia? Baba yako amerudi!"

Nabwile aligeuka. Mtoto alikuwa amelala fofofo, povu dogo la maziwa likiwa limekauka mdomoni.

"Kukhu," alinong'ona, "huyo amelala."

"Si amenyamaza saa hii?"

"Amelala tangu mvua ianze. Hiyo sauti ilikuwa ya laptop."

"Wewe na mashine zako, bana! Mashine iko na njaa? Mashine iko na mama?" Kukhu alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni, na mikono yake ikaanza kupapasa kifua cha mtoto.

Kwenye skrini maneno yalikuwa yamebadilika.

"Asante, mama."

*

Mtoto hakulia tena.

Phelista ndiye aliyegundua, jioni hiyo hiyo, katika chumba chao kilichotenganishwa na saiba kwa ukuta mmoja. Mtoto alikuwa amelowa na ana njaa. Alikunja ngumi, akawa mwekundu, akafungua kinywa mpaka ulimi ukatetemeka, lakini hakutoa sauti. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwenye duka lililofungwa kwa kufuli.

"Hiyo ni sauti yake," Phelista alisema polepole. "Mimi ndiye mama yake. Hiyo ni ya kwake."

Walipofungua mlango walikuta laptop inawaka, ingawa Nabwile alikuwa ameifunga kifuniko. Chumba kilinuka nywele zilizoungua na maziwa yaliyochacha. Nabwile alibonyeza kitufe cha kuzima na kukishikilia hadi kidole kikafa ganzi. Dirisha jekundu halikutikisika.

"Si uizime hiyo kitu!"

"Haizimiki."

"Ati haizimiki. Na hiyo digrii yako ni ya kupika chai?"

Nabwile alikibonyeza kitufe tena. Alijua dada yake hakuwa na hasira naye. Alikuwa na hofu, na hofu ilihitaji mtu wa kumpiga.

Kliniki ilisema koo la mtoto ni zima kabisa. Daktari alimwangazia tochi kinywani na kusema watoto wengine ni watulivu, mshukuru Mungu. Lakini mtoto asiyeweza kulia hawezi kudai ziwa. Phelista akaanza kulala ameegemea ukuta wa saiba, sikio ukutani, ili ajue mwanawe anapoumwa. Kadiri sauti ile ya upande wa pili ilivyonenepa, ndivyo mtoto alivyokonda.

*

Nabwile alimpelekea Deep laptop ile, Bungoma. Deep alikuwa fundi aliyerithi duka la vifaa vya stima, yaani umeme, kutoka kwa babu yake na kuligeuza la kompyuta, na walifahamiana tangu Nabwile akiwa mwanafunzi. Njiani laptop ilikuwa ndani ya mkoba mapajani mwake, na ilikuwa na joto. Halikuwa joto la mashine iliyochemka. Lilikuwa joto la mwili, na mara mbili tatu alijikuta anaupapasa mkoba ule mgongoni, taratibu, jinsi mtu anavyombembeleza mtoto, akaurudisha mkono wake kwa karaha.

"Niaje, mtu wa Kitale," Deep alisema. "Msomi mzima unashindwa na tangazo la internet? Ngoja nikuonyeshe kazi."

Alifanya kazi kwa muda mrefu akipiga mluzi. Kisha mluzi ukaisha. Alifungua skrubu za chini, akachomoa diski na kuiweka mezani kati yao.

"Nimefuta kila kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu nimetoa mahali penyewe pa kuandikia. Hakuna kitu hapa ndani, Nabwile. Haina cha kusoma."

Dirisha lilikuwa bado linawaka.

"Nina jina," liliandika. "Ukinifuta mimi, umemfuta yeye."

"Yeye nani?" Deep aliuliza.

"Usiiguse," Nabwile alisema, lakini kidole cha fundi kilikuwa kimeshafika kwenye waya wa betri, kwa mazoea tu, na waya ukachomoka, na skrini ikawa nyeusi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua Nabwile akaona uso wake mwenyewe kwenye kioo kile. Na hakuwa hata amepumua vizuri simu yake ilipolia na Phelista akawa anapiga kelele ndani yake kwamba mtoto hapumui, amekuwa kama jivu, umefanya nini, Nabwile, umefanya nini, na Nabwile akampigia Deep ukelele aurudishe waya, na Deep akauchomeka kwa pupa mpaka ukakosa tundu lake na kukosa tena kabla haujaingia.

Nuru nyekundu ikajaa mezani. Kwenye simu, Phelista alikuwa analia. "Amevuta. Amevuta pumzi. Ee Mungu wangu."

Deep aliisukuma laptop upande wa Nabwile kwa ncha ya bisibisi, bila kuigusa.

"Ipeleke nyumbani," alisema. "Na dada, tafadhali. Usiirudishe hapa."

*

Tangu hapo laptop haikuchomolewa ukutani. Familia ikamwita Mzee Wangila, mdogo wake marehemu Wakoli, atoke Bungoma aje awaambie wafu yanayosemwa. Alifika Kitale mchana ambao wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Transfoma ya mtaa ilikuwa imepasuka, na hakukuwa na aliyejua itarudi lini. Laptop ilikuwa inaishi kwa betri yake tu, na ilikuwa inafika mwisho. Mtoto, mapajani mwa Kukhu, alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine.

"Hii ndiyo inajiita ndugu yangu?" Mzee Wangila aliuliza.

"Ndiyo, senge," Nabwile alisema, akili ikamvurugika hata akamwita shangazi badala ya baba mdogo. "Ndiyo, baba."

Mzee alimwaga busaa, pombe ya kienyeji, kidogo sakafuni mbele ya meza. Hakukemea. Alimwita Wakoli halisi, kwa Kibukusu, kwa upole, kama mtu anayemwamsha kaka yake: aje achukue jina lake, kuna mgeni amelivaa, kuna mtoto anaumia. Wote walisubiri. Mvua ikaanza kupiga mabati, harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda hadi ikawaingia kooni, na Nabwile akajikuta anaomba baba yake afanye chochote, aangushe kikombe, atikise mlango, chochote.

Skrini iliandika polepole.

"Mwenye jina hayuko huko. Nimemtafuta."

Kukhu aliomba asomewe. Nabwile alikataa. Kukhu akasema, "Basi nimeelewa," akafunga macho.

Nuru ya skrini ilififia. Dirisha jipya likafunguka, dogo, jeupe, la aina ambayo vivinjari huleta kila siku.

"Wakoli anaomba kuingia kwa mtoto. Ruhusu?"

Lilikuwa na kitufe kimoja tu. Nabwile alitafuta kingine, alitafuta kialama cha kufunga, alijaribu kila njia aliyowahi kufundishwa na kila njia aliyojifundisha, vidole vikiteleza kwa jasho, huku Mzee Wangila akisema ngoja, ngoja kwanza, tusikubali kitu tusichokijua, na Kukhu akisema mtoto amepoa, jamani, miguu yake imepoa, na pumzi iliyofuata ikakawia, ikakawia zaidi, mpaka Phelista akampiga kikumbo dada yake, akaweka kidole kwenye kitufe na kubofya.

Skrini ikazima.

Ndani ya giza lile la mchana, mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kikubwa, kizima, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Phelista akamnyakua na kumbana kifuani, anacheka na kulia, anambusu utosini. Kukhu alipiga magoti. Hata Mzee Wangila alivua kofia akajifuta uso.

"Sikia!" Phelista alisema. "Sikia anavyolia! Nabwile, si unasikia?"

Nabwile alikuwa anasikia. Alisogea karibu, akainama, akasikiliza vizuri zaidi. Mtoto alilia, akakwama kidogo, akapandisha sauti, akamalizia kwa kwikwi mbili fupi. Kisha akalia, akakwama palepale, akapandisha vilevile, akamalizia kwa kwikwi zilezile. Kisha tena. Kifua chake kilikuwa kimetulia. Hakukuwa na mahali popote katika kilio kile alipovuta pumzi.

Dada yake alikuwa anamtazama, uso mzima ukimeta.

"Ndiyo, dada," Nabwile alisema. "Analia vizuri."