Wimbo wa Kunong'ona

Foleni kwenye kibanda cha muuza nyimbo, mlangoni mwa soko kuu, ilikuwa na watu kumi na mmoja Jumamosi ile, na wote walikuwa wamenyamaza mpaka wa pili alipofungua mdomo.

"Kaka, hebu toa huo wimbo," alimwambia muuzaji. "Tutalala hapa tukiwa tumesimama. Weka roki. Weka kitu chenye magitaa, tujue kama tuko hai."

Aliyekuwa mbele yake akageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, amevaa sketi ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka na blauzi nyeupe, na shingoni amening'iniza kioo kidogo cha kukuzia, kile ambacho mafundi saa hukibana jichoni. Wimbo uliotakiwa kutolewa ndio kwanza alikuwa ameununua.

"Kaka yangu, nani alikudanganya kwamba kelele ndiyo uhai?" aliuliza. "Hata mashine ya kusaga ina kelele."

Watu wakacheka, na yule mwanamume akacheka kuwashinda. Alivaa fulana nyeusi yenye picha ya gitaa, na vidole vyake vilikuwa na wino wa bluu ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha vitabu vya shule, mtaa wa pili kutoka pale.

"Mashine ya kusaga haina mpiga ngoma," alijibu.

"Na huo muziki wako hauna mwimbaji. Ni mtu kabanwa kidole mlangoni."

Mpiga chapa akatoka kwenye foleni ili amalizie hoja yake, akapoteza nafasi, na wala hakujali. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na roho yake ilikuwa imeshapenda.

Ndani ya wiki mbili walikuwa na utaratibu wao. Kila asubuhi mmoja anamtumia mwenzake wimbo kwa simu, na jioni, fundi saa akishafunga kibanda chake na mpiga chapa akishanawa mikono, wanapigiana simu kuutetea.

"Wa leo umeuonaje, mpenzi?" fundi saa anauliza.

"Una sukari nyingi. Jino limeniuma."

"Wako umemfukuza paka wa shangazi. Mpaka sasa hajarudi."

"Atarudi amefuga nywele, amejiunga na bendi."

"Na mbona unapiga kelele hivyo? Shangazi yuko jikoni na anakusikia. Juzi alijibu yeye."

"Ndiyo sauti yetu watu wa kiwandani, kipenzi. Mpe shangazi shikamoo yangu."

"Kashaisikia. Kaitikia marahaba."

Walipendana, hilo halina ubishi. Lakini kulikuwa na jambo ambalo mpiga chapa alilificha, na heri nikuambie mapema maana yeye hatasema mpaka abanwe. Baba yake naye alikuwa mpiga chapa, miaka thelathini na moja kwenye mashine zile zile, na mashine zikayala masikio yake. Siku hizi mzee alikuwa anakaa sebuleni watoto na wajukuu wakipiga soga, anatabasamu wengine wakishamaliza kucheka. Mama alikuwa amechoka kurudia kila neno mara tatu, akaacha kumwambia mengine. Mpiga chapa aliona hayo tangu akiwa shuleni, akajiapiza. Tangu siku ya kwanza kazini alijaza vizibo vya mpira masikioni, akavisukuma ndani kwa kidole mpaka mwisho. Wenzake walimcheka, yeye akaendelea.

Na sasa, pamoja na kujilinda kote huko, alikuwa hasikii. Ilianza kidogo kidogo. Kengele ya mlangoni ikapotea, kisha maji yanayochemka, kisha sauti za wanawake kwenye simu zikawa kama zimefunikwa na blanketi. Roki aliisikia, kwa sababu roki unaweza kuifungulia mpaka dirisha litetemeke. Nyimbo za mpenzi wake alikuwa anasikia nusu, hiyo nusu nyingine anaijaza kwa utani.

Alikuwa ameshaamua kumwoa. Kisha akamtazama mama yake akipakua chakula bila kusema neno, akajiambia hapana, siwezi kumfunga binti wa watu kwa mzigo huo. Kwenda kwa daktari hakutaka. Akienda ataambiwa, na akiambiwa itabidi amwache.

Ndipo fundi saa akamtumia ule wimbo.

Haukuwa wimbo maarufu. Mwimbaji anaanza na kinanda na besi, anaimba beti tatu, halafu vyombo vyote vinanyamaza, na dakika nzima ya mwisho anamnong'oneza mtu anayempenda mambo ambayo hakuwahi kuthubutu kumwambia. Fundi saa alikuwa nao miaka sita na hakuwahi kumtumia mtu mwingine yeyote. Siku hiyo, akisubiri jioni, alidondosha skrubu ya saa ya mteja, akaitafuta sakafuni kwa magoti nusu saa.

Jioni akapiga simu. "Umeusikiliza?"

"Nimeusikiliza, mpenzi. Wa kawaida tu. Mtu wako kaanza vizuri, halafu kaishiwa."

"Kaishiwa vipi?"

"Si wimbo umekatika? Dakika moja kimya. Nilidhani simu imezima."

Fundi saa akakaa kitandani. "Na mwisho wake?"

"Mwisho ndio huo."

"Huo mwisho ndio sababu ya kukutumia," alisema polepole. "Kumbe hukuusikiliza. Umegusa mwanzo, ukaenda zako, sasa unanitungia maneno."

"Nimeusikiliza wote, haki ya Mungu."

"Usiape. Ungeniambia ni mbaya nisingekasirika, akili ni nywele na kila mtu ana zake. Lakini kunidanganya mimi? Nilishaishi na mtu wa 'ndiyo mpenzi, safi mpenzi', kumbe ana mwingine. Sirudii."

Angeweza kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Badala yake alisema, "Basi kama umeamua hivyo," na simu ikakatwa, wala hata leo hawakubaliani nani aliikata.

Siku tisa zikapita bila wimbo. Fundi saa alinuna mpaka shangazi yake, ambaye hapendi kuingilia mambo ya watu na huyaingilia kila siku, akasema, "Hizo hedifoni zake alizokuazima kampe mwenyewe. Zikikaa hapa utaendelea kuzitazama tu."

Akavaa gauni la samawati ambalo mtu havai kwenda kurudisha hedifoni tu, akaenda kiwandani saa ya mapumziko. Mashine zilikuwa zimezimwa. Ukumbi mzima ulinuka wino na karatasi mbichi, na ulikuwa kimya kiasi cha kusikia nzi. Mpiga chapa alikuwa amempa mgongo, anafuta rola kwa kitambaa.

"Habari za kazi," fundi saa alisema.

Hakugeuka. Akamwita kwa jina la utani alilompa. "Mzee wa Magitaa."

Mgongo haukutikisika. Machozi ya hasira yakamjaa. Kumbe kweli mtu anaweza kukudharau hivi, mchana kweupe. Akamwita mara ya tatu, kwa sauti ambayo ilimgeuza hata mlinzi wa getini, kisha akaweka hedifoni juu ya rundo la karatasi ili aondoke.

Hapo mfanyakazi mwenzake akapita, akamgusa mpiga chapa begani kumwomba kitambaa. Mpiga chapa akaruka kama aliyeungua. Akageuka, akamwona fundi saa, na usoni mwake hapakuwa na dharau hata chembe. Palikuwa na hofu tupu.

Fundi saa hasira zikamwishia pale pale. Kazi yake ni kutambua kilichoharibika ndani bila kufungua kifuniko. Akavua saa yake mkononi, akamsogelea, akaibandika kwenye sikio lake.

"Unaisikia?"

Mpiga chapa alimtazama midomo. Alikuwa na uongo tayari, kama kawaida yake. Akaumeza.

"Sisikii," alisema. "Na ule wimbo, mwisho wake sikusikia. Nimekuwa kama baba."

Akamweleza yote, wameketi juu ya marobota ya karatasi, naye akilia bila kujificha. Fundi saa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika kidevu ili aone midomo yake vizuri.

"Nani kakupima?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo umejipima mwenyewe, ukajihukumu mwenyewe, ukaniacha mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa. Simama twende."

Kwenye zahanati ya masikio benchi la korido lilijaa. Zamu yao ilipofika, nesi mmoja mnene, mcheshi, akaingiza taa sikio la kulia, akachungulia. Akaenda la kushoto, akachungulia tena. Akazima taa.

"Unatumia vizibo kazini?"

"Kila siku. Miaka minane."

"Na unavisukuma hasa."

"Mpaka mwisho."

"Mwanangu, una nta humu ya kutosha kutengeneza mishumaa. Kila siku unaishindilia mwenyewe."

Akaleta bakuli, bomba la sindano lisilo na sindano na maji ya uvuguvugu. Ilichukua dakika ishirini, na kilichotoka sikielezi, watu wanakula. Daktari akampima baada ya hapo, akasema masikio ni mazima, aendelee kujikinga ila kwa zile kinga za kufunika sikio kwa nje. Mpiga chapa alishuka kitini, akasikia soli za viatu vyake kwenye sakafu, akasimama kuzisikiliza. Kisha akamkumbatia nesi. Wakatoka, wakakaa kwenye benchi koridoni.

Fundi saa akampa hedifoni, akauweka ule wimbo. Alimtazama dakika zote nne na nusu bila kupepesa. Vyombo viliponyamaza, mpiga chapa akafumba macho. Ulipoisha akavua hedifoni taratibu.

"Nimeusikia wote," alisema. "Ni mbaya."

"Mbaya?"

"Mbaya sana, mpenzi. Mtu mzima ananong'ona dakika nzima kama anahesabu vijiko. Ila nimeelewa kwa nini ulinitumia."

Fundi saa akacheka mpaka akajishika mbavu, na ndani ya kicheko kile siku tisa zote zikaisha. Huyu hakuwa anamdanganya. Mpiga chapa akasogea, akasema jambo.

"Umesemaje?"

Akarudia.

"Sikusikii, sema kwa sauti."

"Mbona napiga kelele," alisema mpiga chapa, ambaye sauti yake mwenyewe ilikuwa inamvumia kichwani.

"Unanong'ona kuliko wimbo wangu."

Akavuta pumzi, akatumia ile sauti ya kiwandani. "Nataka wazee wangu waje kwenu, nikuoe."

Korido yote ikageuka. Bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, pamba imejaa masikio yote mawili, akamgusa fundi saa mkono. "Mjibu, mwanangu. Hata mimi nimesikia."

Fundi saa akainamisha uso. Akajibu kwa sauti ndogo mno, iliyopotea kwa bibi, kwa nesi na kwa benchi zima.

"Waje."

Mpiga chapa hakumwomba arudie.