Kichaka cha Mwisho cha Kasuba

Kila asubuhi kabla ya shule, Olipa aligeuza samaki juu ya vichanja vya mama yake mdogo, Rosaria, ufukweni mwa ziwa huko Nchelenge. Kazi yenyewe iliunguza vidole. Samaki alikaa motoni leo, kesho na keshokutwa, mpaka moshi ufike mfupani.

Kisha Rosaria akagundua njia ya mkato. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha mawe, na pale tu huota kasuba, kichaka kifupi chenye maua ya njano. Ukienda Chienge hukioni, ukienda Mofwe hukioni; aliyewahi kukihamishia kwake alikuta kimesharudi kilimani kwa miguu yake. Moshi wa matawi yake uligeuza samaki kuwa rangi ya dhahabu kwa mchana mmoja. Samaki aling'aa hata majogoo wakawika, wakidhani kumekucha.

Wachuuzi kutoka ng'ambo, Kongo, waliwagombania samaki hao. Wanawake wote wakapanda kilima na mashoka, mpaka kikabaki kichaka kimoja.

Asubuhi waliyopanga kukikata hicho nacho, Olipa alimvunja samaki wa dhahabu ili ale. Ndani, kando ya uti wa mgongo, nyama ilikuwa mbichi na inanuka. Alipomwambia Rosaria, alijibiwa kwamba mnunuzi hununua kwa macho. Basi akatangulia kilimani, akakaa chini ya kile kichaka.

Rosaria alifika na shoka. "Toka hapo. Mzigo wa Kapembwa haujatimia."

"Sitoki, mama mdogo. Kasuba inakausha ngozi ya samaki tu. Ukitaka kukata, anza na mimi."

Wanawake walicheka, wakasema shule imemvimbisha kichwa. Rosaria akamvuta mkono. Olipa akalikumbatia shina, maua yakamwagika kichwani, naye hakuachia.

Kapembwa, mchuuzi mwenyewe kutoka Kongo, akapanda kuuliza mbona anacheleweshwa. Mkononi alishika samaki mmoja wa kuwaringishia wenzake.

"Mjomba," Olipa alisema, "mvunje huyo mgongoni, halafu unuse."

Rosaria alijaribu kumpokonya. Kapembwa akamvunja samaki, akanusa, akamsogeza mbali na pua.

"Mama Rosaria," alisema polepole, "mwezi ulipita, batu ba Kasenga, kule kwetu, balikuwa bagonjwa ya tumbo. Miye nikasema ni maji. Kumbe ni miye nilibapelekea."

Hakuchukua mzigo. Samaki wote wa dhahabu walifukiwa, na majirani waliokuwa wakicheka wakaenda kuvunja wa kwao kimyakimya. Jioni Rosaria na Olipa waliwasha moto upya kwa kuni za kawaida, macho yakiwatoka machozi ya moshi.

"Leo nimekuchukia," Rosaria alisema. "Lakini nilijua. Harufu ile niliisikia siku ya kwanza, nikajifanya nina mafua. Anayenunua chakula haoni ndani, anatuamini sisi. Kumkausha samaki mpaka ndani ni kazi yetu, na ukiipunguza, mtu atalipa kwa tumbo lake. Tumemaliza kilima kizima ili tuwadanganye watu." Akasukuma ukuni motoni. "Siku ukiniona napanda kule na shoka, kaa pale pale."

"Nitakaa," Olipa alisema. "Na utanivuta mkono bure."