Picha ya Mama Mwanvua Mtaroni

Kitu cha kwanza alichokiona Douce kilikuwa miguu ya Mama Mwanvua. Kila simu ilipoinuliwa kupiga picha, mama huyo aliinama haraka kama mtu anayefunga kamba za viatu. Lakini alikuwa amevaa kandambili, na kandambili hazina kamba.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa pamoja, na watu wa mtaa walikuwa wakizibua mitaro ya soko la Kindu. Mama Mwanvua, muuza mikate ya kukaanga, ndiye aliyeanzisha nyimbo, na majembe yakamfuata. Douce alikuwa na miaka kumi na miwili na hakupenda kusema mbele ya watu. Kwa hiyo vijana wa kujitolea walimpa kazi ya kimyakimya: kupiga picha kwa simu ya kundi.

Mara Mama Mwanvua akateleza. Puu! Akaketi mtaroni, tope hadi shingoni, kitambaa cha kichwa kikielea pembeni. Watu wakacheka, naye akacheka. Safari hii hakuwa na nafasi ya kuinama. Douce akabonyeza.

"Hii njo picha!" alipaza sauti Daddy, kiongozi wa vijana. "Tutaiweka kwenye bango la sherehe ya kundi letu!" Jioni akaituma kwenye simu za wanakundi wote.

Kesho yake Douce alitumwa mikate. Alikuta jiko la Mama Mwanvua ni baridi. Nje ya ua watoto walikuwa wakiimba, "Mama Tope! Mama Tope!"

"Leo hakuna mikate, mutoto wangu," alisema Mama Mwanvua. "Na kwenye salongo sirudi. Muimbe wenyewe."

"Lakini mama, jana ulicheka na sisi."

"Nilicheka na waliokuwepo. Hiyo simu imenipeleka kwa wasiokuwepo, tena bila kitambaa."

Mama Mwanvua akamsogezea kigoda.

"Wakati wa vita mji ulizingirwa, hakuna aliyethubutu kwenda shambani. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Nilipanga foleni ya uji nimevaa gunia. Mgeni mmoja akanipiga picha, hata jina hakuniuliza. Alitaka kutusaidia, sikatai. Lakini picha ilibandikwa ukutani palepale penye uji, na wenzangu wakaniita Gunia mpaka nilipoolewa." Akatabasamu kidogo. "Jana Gunia, leo Tope. Unaona ninavyopanda cheo?"

Douce alitaka kucheka na kulia pamoja. Akaondoka mbio hadi kwenye duka la Okito, mchapishaji wa mabango. Daddy alikuwa tayari anamkabidhi picha.

"Yaya Daddy, kaka yangu, usiichapishe!"

"Eh! Leo Douce amesema!" Daddy alicheka. "Kwa nini? Simu ni ya kundi, na picha umeipiga wewe."

Douce hakurudi nyuma. "Simu ni ya kundi. Uso ni wa Mama Mwanvua. Hatukumuuliza, na sasa hataki kurudi."

Daddy akaitazama tena ile picha. "Na mimi nilidhani ninamsifu," alisema. Akamsimamisha Okito, akawaomba wanakundi wote waifute ile picha, kisha akaenda na Douce kuomba radhi. Pale uani aliwakemea watoto mpaka wimbo ukakatika.

"Nimewasamehe," alisema Mama Mwanvua. "Lakini bango halitatoka bila mimi! Munisubiri."

Alirudi amevaa kikwembe kipya, kitenge chenye ndege wa buluu, kilemba kirefu kichwani, jembe begani. "Sasa pigeni. Lakini mimi njo nitachagua!"

Akaikataa hii, akaikataa ile. "Hapa pua imekuwa kubwa. Hapa nafanana na shemeji yangu!" Daddy alikuwa akipangusa jasho wakati mama huyo alipopata moja iliyompendeza.

"Mushike neno hili," Mama Mwanvua aliwaambia. "Kufanya kazi njema hakumpi mtu ruhusa ya kuchukua uso wa mwenzake. Muulize kabla ya kumpiga picha, na kabla ya kuituma muulize tena. Akikataa, mumwache na heshima yake."

Kisha akachukua simu mkononi mwa Douce. "Na wewe, binti? Nikupige, ama hutaki?"

Douce alitazama chini. Katika salongo zote alizopiga picha, wenzake walidhani anapenda kujificha. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema.

"Nataka," alisema kwa sauti. "Siku zote nilikuwa nataka."