Kaka wa Shefu wa Homu

Mapenzi mimi nayanusa. Kwenye ufuko huu wote, kutoka Kavimvira hadi Makobola, hakuna anayenizidi. Nikimtazama msichana anavyofua soksi zake, nakwambia kijana wake ni wa namna gani. Nilikosea mara moja tu, nilipokuwa nimeshashona gauni la harusi na mwanaume wangu akaenda kuoa mwingine kijijini Lubarika. Hilo tuliache, ndagala zangu, hivi visamaki vya ziwani, zitaungua.

Siku mambo haya yalipoanza nilikuwa jikoni kwenye homu ya wasichana, ndivyo wanafunzi wa Uvira wanavyoita nyumba yao ya kulala. Mimi ni mpishi wao, wananiita Koko, yaani bibi. Ikirezi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ufunguo wa lango umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya majaribio kama shefu wa homu, yule mwanafunzi anayewaamsha wenzake kuchota maji, anayeamua ugomvi wa ndoo, na anayejua nani kaingia na nani katoka.

"Kuanzia leo," akasema, "ndugu wa uongo hakuna! Kila kijana anafika hapa anasema ni kaka ya muntu. Homu nzima mama zenu walizaa wavulana tu?"

Wasichana wakacheka. Mama Bernardine, mwenye nyumba, alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, hacheki. Yeye ndiye angeamua kama Ikirezi atabaki shefu au la. Na Ikirezi alikuwa na sababu ya kujikaza: shefu hupewa chumba bure, na baba yake, mfugaji wa kule milimani juu ya Lemera, alikuwa amempigia simu.

"Binti yangu, mwaka huu chumba cha kulipia hakuna. Ukikosa kile cha bure, panda urudi nyumbani. Masomo basi."

Hapo lango likagongwa. Nikaenda kufungua mimi, mikono imejaa unga.

Alikuwa kijana mrefu, matope ya mpunga kwenye ndala, mfuko wa mchele begani. Akamtazama Ikirezi kama mtu anayetazama ziwa kwa mara ya kwanza. Na Ikirezi akamtazama kama mtu anayetazama ziwa likiingia chumbani kwake.

"Weye ni nani?" akauliza Mama Bernardine.

Kijana akauona uso wa Ikirezi umekauka. Akataka kumsaidia, maskini.

"Minye iko kaka yake, mama."

Kisha Dorine, msichana mwenye mdomo kuliko wote, akapiga chafya ya kicheko.

Huyo alikuwa Claude, mwana wa kijiji cha Bwegera, kule bondeni, kutoka ukoo wa wakulima wa mpunga. Walijuana wakati Ikirezi alipokuwa staji, yaani mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha afya cha kule, alipomfunga mguu uliokatwa na mundu. Mguu ulipona upesi. Kijana akaendelea kuja kufungwa bandeji.

"Kaka!" Mama Bernardine akasema, sauti tamu kama ndizi iliyoiva. "Karibu. Koko, mpe maziwa. Muntu wa kule juu hawezi kukaa bila maziwa."

Nikamkalisha kwenye baraza la jikoni, nikamletea mtindi. Claude akaniuliza, mbele ya watu wote:

"Koko, sukari iko?"

Nikamkanyaga mguu, maana wafugaji wa kule juu mtindi hawautii sukari. Hakuelewa.

"Na ng'ombe wa nyumbani," Mama Bernardine akaendelea, "hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanasalimia."

"Yule anayetangulia kundi, anaitwa nani?"

Claude akatazama dari. Akatazama ndagala zangu. Akatazama dari tena.

"Claudette."

"Claudette?"

"Ndiyo, mama. Ni mupole, ila kichwa ngumu. Asubuhi anapiga makelele sana."

"Haya," akasema Mama Bernardine. "Msalimie Claudette."

Jioni ile simu ya Ikirezi ilikuwa juu ya meza yangu, karibu na vitunguu. Mimi nilisoma shule ya msingi tu, lakini meseji za mapenzi nazisoma hata zikiwa kichwa chini. Alikuwa ameandika:

"Kaka yangu nitamuona likizo. Weye usikuje tena ku homu."

Jibu likaingia:

"Sawa dada."

Halafu lingine:

"Lakini dada ya nani?"

Ikirezi akacheka, kisha akalia, kisha akamenya vitunguu ili apate pa kusingizia.

"Koko, nikimukana, nabaki na chumba. Nikimukubali, Mama Bernardine ananiona muongo kama wale wengine. Minye nifanye nini?"

"Menya," nikamwambia.

Claude hakuja tena langoni. Alitii. Ila hakuna aliyemkataza ziwa.

Kila Jumamosi alileta mchele sokoni Uvira, na alfajiri, Ikirezi aliposhuka na wasichana kuchota maji, walimkuta ufukoni anaosha pikipiki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, milima ya Burundi ng'ambo imekatika miguu, inaelea tu. Jua likichungulia nyuma yake, maji yote yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Na katikati yake huyu kijana, suruali imekunjwa magotini, anasugua tairi polepole kama anayeosha mtoto. Haongei. Ikirezi anainama, ndoo inajaa, inamwagika, anaiacha imwagike. Nami nilishuka na ndoo, ingawa jikoni maji yalikuwepo. Umri huu unapata wapi tena vitu kama vile?

"Shefu," Dorine akasema siku moja, "kaka yako ataosha ile pikipiki mupaka rangi itoke."

"Chota maji, Dorine."

"Nachota. Lakini hata minye nataka kaka ananiangalia vile."

Mambo yaliharibika siku Fiston alipokuja. Fiston alikuwa wa Dorine, kila mtu alijua, hata kuku. Akafika langoni na mkate.

"Minye iko kaka ya Dorine," akasema.

Ikirezi akasimama mbele yake, ufunguo mkononi.

"Fiston, rudi. Weye si kaka ya muntu hapa."

Fiston akarudi na mkate wake. Dorine akatoka mbio, macho yamejaa.

"Shefu, umefanya vizuri. Ndiyo kazi yako. Swali moja tu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Na wako?"

Wasichana walikuwa madirishani, wanangoja. Ikirezi akavua ile kamba shingoni, akavuka uwanja hadi kwenye kiti cha Mama Bernardine. Nami nikakumbuka kwamba dirisha la jikoni upande ule lilihitaji kufutwa.

"Mama, twaa ufunguo."

"Kuna nini?"

"Claude si kaka yangu. Hatuna hata shangazi mumoja wa pamoja. Ni muntu ninayemupenda. Siku ile alisema uongo, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo vilevile. Leo nimemufukuza Fiston kwa kosa langu mwenyewe. Nitapanda nyumbani kesho."

"Unajua maana ya kupanda nyumbani?"

"Najua. Masomo basi."

Mama Bernardine akauzungusha ufunguo mkononi.

"Marehemu bwana yangu alichanja ng'ombe wa milima yote ile. Nimekaa kule mupaka watoto wangu wakaota meno. Ng'ombe wanaitwa Bihogo, wanaitwa Gaju. Claudette!" Bega lake likaanza kutikisika. "Na sukari mu mtindi!"

"Mama, ulijua?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja weye mwenyewe, ao utaletwa." Akamvisha kamba shingoni. "Shika. Anayejisema mwenyewe ndiye ninayeweza kumupa lango. Fiston akuje Jumapili, wakae na Dorine ku salo ya wageni, mulango wazi, na jina lake la kweli. Na yule wako, mwambie hivi: akitaka kuvuka lango langu tena, akuje na baba yake."

Ikirezi akapiga simu palepale.

"Claude?"

"Dada."

"Acha dada. Baba yako iko nyumbani?"

"Iko mu shamba. Kwa nini?"

"Mwambie anawe miguu."

Mvua zilipokatika wakaja, wazee wa Bwegera na suti zao na rozari mfukoni. Baba yake Ikirezi, Muzee Gakunzi, akashuka kutoka milimani na fimbo na Biblia. Kwa kuwa upande mmoja wanakunywa pombe na upande mwingine hawagusi, tulikubaliana Fanta na maziwa. Salo ya homu ilipangwa viti, wasichana wamejaa kwenye ngazi, ziwa linang'aa dirishani hadi machoni panauma.

Mambo yalikwenda laini. Wazee waliongea, wakasifiana, ng'ombe wa mahari wakatajwa wakakubaliwa. Muzee Gakunzi akamtazama binti yake, ambaye alikuwa anatabasamu kwenye kikombe kitupu.

"Binti amesema ndiyo," akasema. "Basi na minye nimesema ndiyo. Lakini Mama Bernardine ameniambia, hapa Uvira minye niko na ng'ombe nisiyemujua. Claudette. Kijana, ulimutoa wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Claude alitakiwa kucheka nao tu na kuomba msamaha, basi, yaishe. Lakini alimwona Ikirezi anamtazama, na mwanaume akitazamwa hivyo anataka kuongeza urefu.

"Muzee, ule haukuwa uongo kabisa," akasema. "Claudette iko kweli. Ni ng'ombe wa mahari. Nilikwisha kumununua tangu zamani, kwa sababu nilijua siku moja nitakuja kwenu. Ndiyo maana jina lilikuwa mu mudomo."

Salo ikaguna kwa furaha. Ikirezi akaweka mkono kifuani. Hata mimi, na pua yangu hii, nikafuta jicho.

"Tangu zamani!" Muzee akasema. "Na sasa iko wapi?"

"Iko Lubarika, muzee. Anakula majani. Amenenepa!"

Lubarika tena. Ningepaswa kujua hapohapo.

Mlango ukasukumwa kwa kiuno. Akaingia msichana mwenye kitenge kipya, kreti ya Fanta mikononi, jasho usoni, sauti ya mtu anayeimba kwaya ya asubuhi parokiani.

"Samahani wazee, nimekawia, Fanta ya baridi nimeipata mbali!" Akatua kreti, akapiga goti vizuri mbele ya Muzee Gakunzi. "Shikamoo, muzee. Minye iko Claudette, dada mudogo ya Claude."

Chupa moja iligonga nyingine ndani ya kreti.

Muzee Gakunzi akamwinua msichana kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akamkabidhi kikombe cha maziwa. Akasimamisha fimbo katikati ya magoti.

"Karibu, binti. Tulikuwa tunakuongelea. Safari ya Lubarika ilikuwa nzuri?"

"Lubarika?" Claudette akamgeukia kaka yake. "Nani iko Lubarika?"

Mama Bernardine alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Ikirezi akaushika ufunguo shingoni kwa mikono miwili, akimtazama mchumba wake kwa lile jicho la langoni.

"Mukwe wangu," akasema Muzee, taratibu kabisa, "kaa vizuri. Tuanze tena. Ng'ombe wangu anaitwa nani?"

Claude akatazama dari.